Ganda, Fataki na Baruti ya Mizinga

Mwaka 1946 jamaa mmoja wa Oregon, Marekani, aitwaye John Nosler, mwenye biashara ya malori, alikwenda kuwinda British Columbia, Kanada. Akakutana na kulungu wa kaskazini, dume lenye mwili kama farasi, ngozi imegandamana matope makavu. Akapiga. Mnyama kasimama. Akapiga tena, kasimama vile vile! Bunduki ilikuwa .300 H&H Magnum, si ya mchezo, na shabaha ilikuwa sawa. Kumbe risasi ilikwenda kasi mno. Ikigusa tu, inavunjika vipande kabla ya kufika moyoni.

Msomaji usicheke. Mnyama wa namna hiyo akikimbia, huenda kufa taratibu porini, na nyama haimfai mtu.

Asili ya bunduki hizi ni London. Mwaka 1912 Holland & Holland walitoa .375, ganda refu lenye mshipi kitakoni, likipungua unene taratibu kuelekea mdomoni. Baruti yao, kordaiti, ilikuwa nyuzi nyuzi kama tambi, na joto la Afrika na Bara Hindi huiongezea msukumo. Ganda lililonyooka sana lingeng'ang'ania ndani ya bunduki, na wewe nyati yuko mbele yako! Mwaka 1925 wakatoa dogo lake, .300. Mwaka 1935 Ben Comfort akashinda nalo Kombe la Wimbledon kule Camp Perry, Ohio, umbali wa yadi 1,000. Hapo Wamarekani wakaamka.

Mmoja wao ni Roy Weatherby wa California, muuza bima. Mwaka 1944 alilinyoosha ganda la .300 lipate nafasi ya baruti zaidi, na mwaka uliofuata akafungua duka. Lakini utalipata wapi ganda hilo? Unapiga risasi ya kawaida ya .300 ndani ya bunduki yake, ganda linavimba na kuchukua umbo jipya. Kisha unang'oa fataki iliyokwisha, unapachika nyingine, unapima baruti, unakaza risasi mdomoni. Wewe ndiye kiwanda.

Na baruti ipi? Ya kuungua haraka hupandisha msukumo risasi haijaenda mbali. Ganda kubwa lataka baruti ya polepole. Vita vilipokwisha mwaka 1945, jeshi lilikuwa na shehena ya baruti ya namna hiyo, ya mizinga ya milimita 20. Bruce Hodgdon wa Kansas akainunua na kuwauzia wapakiaji kwa bei ya kutupa. Bila mabaki hayo ya vita, nadhani magnum zingebaki mali ya matajiri.

Kazi yenyewe ilikuwa ya daftari. Unaongeza chembe chache, unapiga, unaangalia fataki imebonyea vipi, ganda linatoka kwa urahisi au kwa kugonga. Wengi hawakuwa na chombo cha kupima kasi, basi walikisia. Mwenye tamaa alizidisha, na bunduki ikipasuka, jicho linakwenda.

Nosler yeye hakugusa baruti. Aliona kosa liko kwenye risasi. Akachukua ufito wa shaba, akautoboa pande zote mbili kwa mashine ya kukereza, akaacha ukuta katikati: mbele ifunguke, nyuma ibaki nzima ipenye. Mwaka 1947 yeye na rafiki yake wakarudi mawindoni. Kulungu wawili, kila mmoja risasi moja.