Karanga za sukari na pilipili: zilimshinda Mwingereza, mama wa Sekei anazimudu

Mdau, ukipita Sekei jioni, baridi ya Mlima Meru ikianza kushuka, hukosi kumkuta mama kakaa na beseni lake la karanga. Zingine za chumvi, zingine zimevikwa sukari na pilipili. Unanunua, unatafuna, unasepa. Ila hizo karanga zimetoka mbali!

Kwanza kwa asili sio za kwetu. Wazee wa zamani walikuwa na njugu mawe, zile ngumu za kuchemsha. Karanga asili yake ni Amerika Kusini, zikavushwa bahari kuja Afrika enzi za Wareno. Pilipili kali nayo imetokea huko huko Amerika, na muwa ukatoka Asia. Siku hizi sukari iko jirani tu, mashamba ya TPC yako Arusha Chini (ambayo, licha ya jina, iko Moshi).

Sasa njoo kwenye kituko. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Uingereza ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula. Serikali yao ikaamua ilime karanga Tanganyika, zaidi ya ekari milioni 3! Kazi ikaanza Kongwa mwaka 1947, baadaye Urambo na Nachingwea. Wakaleta matrekta, hata vifaru vya vita vikageuzwa kuwa mashine za kusafishia pori. Mibuyu ikawagomea. Mvua ikakata, udongo wa Kongwa ukakauka kama saruji, karanga zikanasa humo humo ardhini. Na ukame wa pale Wagogo walikuwa wanaujua tangu enzi na enzi, dah. Mwaka 1951 mradi ukafutwa, pauni kama milioni 36 zikawa zimeyeyuka. Bandari ya Mtwara ikabaki, reli ya Nachingwea ikaja kung'olewa.

Mama wa Sekei hana trekta. Ana sufuria, mwiko na jiko la mkaa. Karanga mbichi vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, maji nusu kikombe, chumvi kidogo, vyote vinaingia pamoja. Anakoroga mpaka maji yanakauka na sukari inageuka unga mweupe. Wengi hapo wanadhani wameharibu, wanaepua. Yeye anapunguza moto na kuendelea kukoroga, sukari inayeyuka tena, inakuwa ya kahawia na kuzivaa karanga. Pilipili ya unga inaingia mwishoni kabisa, ikiwahi inaungua na nyumba nzima inakohoa. Anamwaga kwenye sinia, anazitenganisha haraka kabla hazijagandana.

Kufunga ni mpaka zipoe. Zikifungwa za moto zinatoa jasho, zinalainika, na mteja wa jana harudi. Na kwa mama anayedunduliza ada ya mtoto, sufuria moja ikiungua, faida ya siku nzima imekwenda.