Ukuta Hauzuii Kikohozi

Mwezi wa Agosti 2010, mahakama ya Kapsabet iliamuru wagonjwa wa kifua kikuu wafungwe gerezani kwa miezi minane. Hawakuwa wameiba ng'ombe wala kupigana kilabuni. Kosa lao lilikuwa kuacha kumeza dawa, na afisa wa afya ndiye aliyewafikisha mbele ya hakimu. Eti wakae jela ili watibiwe.

Ukisikia hivyo mara ya kwanza, unaweza kuona mantiki fulani. TB huambukizwa kwa hewa, na mgonjwa anayeacha dawa njiani huweza kuzalisha vijidudu sugu vinavyotibika kwa shida kubwa. Basi mfungie mahali asipoweza kutoroka. Lakini hebu tuulize: ndani ya seli ile, alikuwa anapumua hewa na nani? Wagonjwa wenyewe waliieleza mahakama baadaye kwamba walichanganywa na wafungwa wengine katika msongamano. Kwa maneno mengine, serikali iliwatoa kijijini, kwenye upepo wa Nandi, ikawaweka katika chumba kilichojaa watu, halafu ikasema imezuia maambukizi.

Wazo hili halikuzaliwa Kapsabet. Sheria iliyotumika, Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, ni ya mwaka 1921, wakati wa ukoloni wa Mwingereza. Kifungu cha 27 kinampa hakimu uwezo wa kuamuru mtu apelekwe "mahali pa kutengwa". Hakisemi gereza. Cha kushangaza ni kwamba Waingereza wenyewe walikuwa wamejifunza zamani, tena kwa uchungu, kwamba jela na ugonjwa ni marafiki wa kufa na kuzikana.

Mwaka 1750, wafungwa kutoka jela ya Newgate, London, waliletwa kushtakiwa katika mahakama ya Old Bailey. Walikuja na homa ya jela, ugonjwa ambao leo tunajua huenezwa na chawa. Watu zaidi ya 50 waliohudhuria vikao vile walikufa, wakiwemo majaji na Meya wa jiji. Chawa hakujali nani amevaa joho na nani amefungwa pingu. Hapo ndipo wakubwa walishtuka. Muda si mrefu, kinu cha upepo kikajengwa juu ya Newgate kuingiza hewa safi. John Howard, aliyekuwa sherifu wa Bedfordshire mwaka 1773, alizunguka jela moja baada ya nyingine akaona kwamba homa ilikuwa ikiua wafungwa wengi kuliko kitanzi. Sheria ya 1774 ikaagiza kuta zipakwe chokaa, wagonjwa wapewe vyumba vyao na kila jela iwe na tabibu.

Basi ujuzi ulikuwepo. Shida ni kwamba haukupanda meli pamoja na pingu.

Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, wanajeshi na polisi waliufunga mji wa Nairobi na kuwakamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wengi walipelekwa Langata, Mackinnon Road na Manyani, kule kwenye joto la Tsavo. Kambi zilijazwa haraka kuliko vyoo na maji vilivyoweza kuandaliwa. Manyani, wafungwa walibeba vinyesi kwa ndoo. Homa ya matumbo, ambayo husafiri kwa maji na chakula kilichochafuliwa na kinyesi, haihitaji mwaliko zaidi ya huo. Ililipuka mwaka huohuo na kuua. Ripoti za madaktari zilikuwepo, zikieleza kasoro na nini kifanywe, lakini wakuu walizipuuza. Aprili 1955, kambi za Langata na Gilgil zilifungwa, na serikali yenyewe ikakiri kuwa kwa sababu za kiafya hazikufaa kuweka watu.

Huko Old Bailey jaji alikufa, sheria ikabadilika. Huku Manyani waliokufa walikuwa watu walioitwa magaidi, na ripoti zikabaki kwenye faili. Tofauti haikuwa katika sayansi. Ilikuwa katika swali la nani akifa ndipo watu wanashtuka.

Tukirudi Kapsabet, wagonjwa wale walikaa ndani siku 46. Katikati ya siku hizo, tarehe 27 Agosti 2010, Kenya ilizindua Katiba mpya yenye haki ya afya na heshima ya binadamu. Wakati watu wanashangilia Uhuru Park, wao walikuwa bado wamefungiwa kwa sababu ya kukohoa. Mahakama Kuu ya Eldoret ndiyo iliyoamuru watoke, waendelee na dawa nyumbani chini ya uangalizi wa maafisa wa afya. Yaani kile kilichowezekana tangu siku ya kwanza.

Kesi haikuishia hapo. Pamoja na shirika la KELIN, walikwenda mahakamani, na tarehe 24 Machi 2016, Siku ya Kifua Kikuu Duniani, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba kuwafunga wagonjwa wa TB gerezani kwa kisingizio cha kifungu cha 27 ni kinyume cha Katiba. Aliiagiza serikali itunge sera ya kuwatenga wagonjwa inayoheshimu haki zao. Hakusema serikali isimtenge mtu kamwe. Alisema jela si wadi.

Miaka minne baadaye Korona ikaingia. Machi 2020, chini ya Jaji Mkuu David Maraga, mahakama zilianza kupitia upya kesi za makosa madogo, na maelfu ya wafungwa wakaachiliwa. Zingatia hilo: kabla ya chanjo kupatikana, hatua ya maana ilikuwa kupunguza watu ndani. Magereza yetu yaliyojengwa kwa watu kama 27,000 yamekuwa yakishikilia zaidi ya 50,000, na sehemu kubwa ni mahabusu ambao bado hawajahukumiwa. Wengine wako ndani kwa kukosa dhamana ya shilingi elfu chache.

Na hawa hawakai milele. Mahabusu hutoka, hupanda matatu, hulala na watoto wake. Askari jela naye humaliza zamu akaenda nyumbani kula. Kwa hiyo hakimu anapoandika dhamana ambayo mchuuzi wa mboga hawezi kulipa, anaamua pia ni watu wangapi watalala chumba kimoja usiku huo, na ni hewa gani watakayovuta.