Timu iliyoshinda kila mechi ikanyimwa mwaliko

Mwaka 1951 Chuo Kikuu cha San Francisco, chuo cha mapadri Wajesuiti huko California, kiliingiza uwanjani timu ya kandanda ya Kimarekani iliyocheza mechi tisa na kushinda zote. Mchezo wenyewe una undugu zaidi na raga kuliko soka: mpira wa yai, wachezaji 11 kila upande, na nafasi nne za kusukuma mpira mbele yadi kumi. Ukishindwa, mpinzani anauchukua. Aliyezoea kushangilia timu ya taifa ya raga kwenye televisheni hatapotea njia, ila atashangaa kuona watu wazima wakivaa kofia ngumu ili wagongane.

Aliyewashinda wote kwa kukimbia na mpira alikuwa Ollie Matson, mzaliwa wa Texas. Msimu huo alikwenda yadi 1,566, yaani karibu kilomita moja na nusu, kila hatua akiwa na mtu anayetaka kumwangusha, na mara 21 akavuka mstari wa mwisho. Hakuna mchezaji wa chuo chochote Marekani aliyemfikia mwaka ule, kwa yadi wala kwa kufunga. Upande wa ulinzi alikuwepo Burl Toler, mzaliwa wa Memphis. Wawili hao walikuwa weusi. Wenzao walikuwa mchanganyiko wa vijana wa kizungu, baadhi yao askari waliorudi vitani, kama Gino Marchetti aliyekuwa amepigana na Wajerumani barani Ulaya kabla ya kushika daftari la chuo. Kocha alikuwa Joe Kuharich, mtu mkali wa mazoezi.

Mechi ngumu ilikuwa New York dhidi ya Fordham, waliyoshinda 32 kwa 26. Baadaye wakaizima timu ya Pacific 47 kwa 14, na kufunga msimu kwa kuilaza Loyola 20 kwa 2.

Kwa desturi ya Marekani, timu bora za vyuo hualikwa kucheza mechi kubwa za Mwaka Mpya, na mwaliko huja na fedha. San Francisco walizihitaji fedha hizo kama mgonjwa anavyohitaji dawa, kwa sababu timu ilikuwa ikikiingizia chuo hasara. Macho yao yalikuwa kwenye Orange Bowl ya Miami. Kwa mujibu wa wachezaji wenyewe, walipewa masharti: njooni, lakini Matson na Toler wabaki nyumbani. Majimbo ya Kusini hayakutaka weusi na weupe wacheze pamoja. Wachezaji wakakataa, na kwa masimulizi yao hawakuhitaji mjadala mrefu. Tarehe 1 Januari 1952 Georgia Tech na Baylor ndio waliocheza Miami.

Walikuwepo waliodai kwamba San Francisco waliachwa kwa kuwa wapinzani wao walikuwa dhaifu. Mimi siikubali hoja hiyo. Matson, Marchetti na Bob St. Clair, wote wa timu hiyo moja, waliingia katika Jumba la Heshima la kandanda ya kulipwa. Timu ya kubahatisha haitoi watu watatu wa namna hiyo.

Msomaji wa Meru na Embu hahitaji kufafanuliwa ubaguzi wa aina hii. Serikali ya kikoloni iliwazuia Waafrika kulima kahawa, na ilipolegeza kamba katika miaka ya 1930 ilianza na Meru, Embu na Kisii, tena kwa vishamba vidogo vilivyochungwa na maofisa. Mwaka huohuo wa 1951 shule na hospitali za Kenya zilikuwa zimegawanywa kwa rangi. Kijana wa shule ya Kangaru angeelewa masharti ya Miami bila mkalimani.

Msimu ulipokwisha, chuo kikaivunja timu. Kuharich akaenda kuwafundisha Chicago Cardinals, timu ya kulipwa, ambao pia walimchukua Matson. Lakini kwanza Matson alipitia Helsinki, kwenye Olimpiki ya 1952, akapata shaba katika mita 400 na fedha katika mbio za kupokezana vijiti. Kenya ilikuwa bado haijatia mguu Olimpiki; ilingoja Melbourne 1956. Toler aliumia goti kabla ya kucheza hata mechi moja ya kulipwa. Akawa mwalimu, kisha mkuu wa shule huko San Francisco, na mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza mweusi katika NFL, ligi ya kandanda ya kulipwa.

Kijana aliyekuwa akiwaandikia waandishi wa habari taarifa za timu hiyo aliitwa Pete Rozelle. Mwaka 1960 alichaguliwa kuwa mkuu wa ligi nzima ya NFL, akakaa kitini hadi 1989. Mwaka 2006 chuo kiliwatunuku wachezaji waliobaki shahada za heshima.

Tunaujua msimu huu kwa sababu ulikuwa na mwandishi wake na wachezaji waliosimulia uzeeni. Miaka hiyohiyo vijana walikuwa wakicheza mpira katika shule na misheni za kwetu, Kangaru, Kigari, Chogoria na Kaaga, na hali ya hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ikawakuta hukohuko. Waliobaki hai ni wakongwe sasa. Mwalimu wa michezo au wa historia unayesoma haya, mtafute mmoja wao wikendi hii, uandike majina, matokeo na nani alikatazwa kucheza na nani, kisha nakala uiweke kwenye maktaba ya shule.