Dohani, Wala Si Kitoa Hewa Chafu

Rasimu ya istilahi za mitambo ya majengo imenifikia hapa Mingoyo, na humo njia ya kutolea gesi za boila imeitwa "kitoa hewa chafu cha jengo". Yaani hoteli ya ghorofa kumi nayo inatoa hewa chafu! Mtu wa pwani anajua nani hutoa hewa chafu, na kwamba akishaitoa, waliokaa karibu naye husogea.

Wenye haya kidogo wamependekeza "bomba la moshi". Bomba tulilipata kwa Wareno, na kazi zake zimeshalizidi: la maji, la sindano, na huku kwetu la kupulizia salfa kwenye mikorosho. Vijana nao kila kizuri ni bomba. Tulibebeshe na boila?

Neno tunalo: dohani. Asili yake ni Kiarabu, dukhan, yaani moshi. Aliyepita madrasa analijua kwa jina la Sura ya 44 ya Kurani. Ile kh ikalegea ikawa h, kama ilivyolegea katika khabari, khatari na kheri. Mwishoni ikatiwa irabu, kwa kuwa ulimi wetu haupendi neno lisilofungwa kwa irabu, na mgeni akawa mwenyeji. Kamusi ya Johnson ya 1939 inalo. Lilizoeleka hasa melini. Oktoba 1914, manowari ya Kiingereza Chatham ilipoikuta meli ya Kijerumani Präsident imejificha katika mto Lukuledi, mto wetu huu huu, meli hiyo ya mvuke ilikuwa na dohani. Kitoa hewa chafu hakikuwamo.

Mwenzetu mmoja mwenye shahada zake ameniambia kwamba dohani nayo maana yake ni moshi, ilhali boila ya gesi haitoi moshi. Ni kweli kwamba gesi ya Songosongo ikiungua sawasawa, kinachotoka ni kabonidioksaidi na mvuke wa maji. Lakini leo nani anasikia moshi ndani ya dohani? Leso kwa Mreno ilikuwa kitambaa cha mkononi. Kamwambie bibi aliyejifunga leso kwamba amejifunga kitambaa cha mkononi, uone atakavyokujibu. Bwana huyo, nadhani, hakuchukia neno. Alichukia lilikotoka, maana halikutoka mezani kwake.

Kwa matumizi, tuseme dohani ya boila, dohani kuu ya jengo, mdomo wa dohani. Gesi hupanda humo kwa joto lake, na dohani ikirefuka mvuto huzidi; mdomo uwe juu ya paa, mbali na madirisha, kwa sababu gesi isipoungua sawasawa hutoa kaboni monoksaidi, nayo haina rangi wala harufu.

Naiomba kamati ya istilahi ikifute "kitoa hewa chafu" kabla rasimu haijapigwa chapa. Barua yangu ya awali juu ya jambo hili haijajibiwa.