Ligi Iliyovuka Bahari

Mwaka 2008 Ligi Kuu ya Uingereza ilitaka kila timu icheze mechi ya 39 ng'ambo, na mpango ukazimwa na upinzani. Oktoba 2025 La Liga ya Hispania nayo ilifuta mechi ya Villarreal na Barcelona iliyopangiwa Miami. Je, kosa ni kuvuka bahari? Historia yetu Tanzania inakataa. Ligi ya Muungano iliwavusha wachezaji kati ya Bara na Zanzibar: KMKM walitwaa ubingwa mwaka 1984, Malindi 1989 na 1992, na Majimaji ya Songea 1985, 1986 na 1998. Ugenini palikuwa mbali, lakini marudiano yalichezwa nyumbani. Mkulima wa kahawa wa Mpepai aliyepitia Mbinga mjini hadi Songea aliweza kumwona mgeni kutoka visiwani akibanwa mbele ya wenyeji.

Watetezi wa mechi za ng'ambo watasema klabu zinahitaji fedha, na kwamba hata fainali ya Kombe la Shirikisho la Tanzania ya 2024, Yanga na Azam, ilipigwa New Amaan, Zanzibar. Fedha ni hoja nzito, ila fainali haina mwenyeji. Ilishafika Lindi 2019 na Sumbawanga 2020 bila kumpokonya mtu haki yake. Mechi ya ligi ina mwenyeji. Kuiuza ng'ambo ni kumnyima haki shabiki aliyelijaza jukwaa msimu mzima, na kumpunguzia mpinzani ugumu wa ugenini ambao wengine waliukabili. Ligi ikivuka, basi ivuke kwa zamu, kila upande ukipata siku yake ya kukaribisha.