Mlima Kenya: Kupanda si hoja, hoja ni kurudi salama

KILA msimu wa kiangazi, hasa Januari na Februari na kisha Agosti na Septemba, makundi ya wakwea mlima huonekana Nanyuki, Naro Moru na Chogoria yakiwa na azma moja: kukanyaga kilele cha Lenana. Wengi huwa wamejiandalia viatu, makoti na chakula. Wachache mno huwa wametenga kitu kinachohitajika kuliko vyote hivyo, nacho ni muda.

Vilele viwili vya juu zaidi vya Mlima Kenya, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188, huhitaji kamba na ujuzi wa kupanda miamba. Lenana, chenye mita 4,985, hufikiwa kwa miguu. Ni kwenye kilele hicho ambako Kisoi Munyao alipandisha bendera ya taifa Desemba 1963. Urahisi wa njia zake ndio huwahadaa wengi.

Mkazi wa Nairobi huishi kwenye kimo cha takriban mita 1,700. Akiondoka Ijumaa alfajiri na kutaka kuwa Lenana Jumapili macheo, atakuwa amepanda zaidi ya mita 3,200 kwa siku mbili. Mwili wa binadamu haukuumbwa kuhimili mwendo huo.

Kadiri mtu anavyopanda ndivyo mgandamizo wa hewa unavyopungua. Kwa kila pumzi, aliye Lenana hupata nusu na ushei tu ya oksijeni ambayo angepata akiwa Mombasa. Mwili unaweza kuizoea hali hiyo, ila huhitaji siku kadhaa. Asiyeupa nafasi huenda akapatwa na ugonjwa wa mwinuko, ambao huweza kuanza kuanzia kimo cha mita 2,500 hivi.

Dalili za mwanzo ni kuumwa na kichwa, kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kizunguzungu, uchovu na kukosa usingizi. Ni kosa kudhani kuwa vijana wenye siha na wanamichezo wamekingwa. Nguvu za misuli hazimkingi mtu na ugonjwa huu. Tena wenye nguvu ndio hupanda kwa pupa.

Ugonjwa ukizidi, huchukua sura mbili za kutisha. Ya kwanza ni mapafu kujaa maji: mgonjwa hutweta hata akiwa amepumzika, hukohoa, na pengine hutoa makohozi yenye povu la rangi ya waridi. Ya pili ni ubongo kuvimba: mgonjwa huchanganyikiwa na kuyumbayumba kama mlevi. Mwambie atembee kwenye mstari ulionyooka, kisigino cha mguu mmoja kikigusa vidole vya mwingine. Akishindwa, maisha yake yamo hatarini.

Kanuni za kufuata ni tatu. Kwanza, ukiumwa na kichwa mlimani na kuhisi kichefuchefu au uchovu usio wa kawaida, chukulia kuwa ni ugonjwa wa mwinuko hadi ithibitishwe vinginevyo. Pili, usipande zaidi ukiwa na dalili. Tatu, hali ikizidi kuzorota, teremka mara moja ukiwa na mwenzako; usingoje kuche. Dawa na oksijeni husaidia, lakini hakuna tiba ipitayo kushuka.

Kuhusu mwendo, wataalamu hushauri kwamba ukishapita mita 3,000, kimo cha mahali unapolala kisiongezeke kwa zaidi ya mita 500 kwa siku, na utenge siku ya kupumzika kila unapopanda mita 1,000 hivi. Tazama basi njia ya Sirimon: kutoka kambi ya Old Moses, iliyo mita 3,300, hadi ya Shipton, iliyo takriban mita 4,200, ni mita 900 kwa siku moja. Katika njia ya Naro Moru, kutoka Met Station hadi kambi ya Mackinder ni zaidi ya mita 1,100. Mwenye busara atalala usiku wa kwanza langoni Sirimon, siku mbili Old Moses, na siku mbili nyingine Shipton. Mchana anaweza kupanda juu kidogo, kisha arejee kulala chini.

Kunywa maji ya kutosha na ujiepushe na pombe na dawa za usingizi. Dawa ya asetazolamaidi, ambayo husaidia mwili kuzoea kimo, itumiwe kwa ushauri wa daktari pekee.

Baridi nayo ni adui. Usiku maji huganda huko juu, na mvua huweza kunyesha hata msimu wa kiangazi. Nguo za pamba zikilowa hunyonya joto la mwili; beba za sufu, koti lisilopenya maji, glavu, kofia na tochi yenye betri za akiba. Usikwee peke yako. Tumia mwelekezi anayeujua mlima, jiandikishe langoni, na umwachie mtu nyumbani ratiba yako. Usitegemee simu, kwani mawasiliano hukatika.

Lililo gumu zaidi, hata hivyo, si baridi wala mwinuko. Ni haya. Mtu huficha maumivu asije akaonekana mnyonge mbele ya wenzake, au kwa kuwa amekwisha kulipa ada na wapagazi. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kiongozi wa kundi amwulize kila mmoja hali yake asubuhi na jioni, na atangaze mapema kwamba atakayeomba kurudi hatachekwa. Lenana hakitahama, aliyeshuka leo akiwa hai ataweza kukijia tena mwaka ujao.