Kuzika na Kufukia: Ushahidi wa Panga ya Saidi

Kiswahili hutenganisha vitendo viwili ambavyo kwa macho hufanana. Mzoga na taka hufukiwa, binadamu huzikwa. Kufukia ni kazi ya mikono tu, ilhali kuzika ni wajibu wa walio hai kwa aliyewatoka. Tofauti hiyo ndiyo kiini cha mjadala kuhusu Panga ya Saidi, pango lililoko Kaunti ya Kilifi, nchini Kenya, yapata kilomita 15 kutoka baharini. Neno panga katika lugha za Wamijikenda ni sawa na pango la Kiswahili, na wenyeji wamekuwa wakifika hapo kwa matambiko.

Uchimbaji wa kiakiolojia ulianza mwaka 2010. Vipande vya kwanza vya mifupa vilionekana mwaka 2013, na shimo lenyewe likafunuliwa mwaka 2017. Kwa kuwa mifupa ilikuwa ikisagika, bonge zima la udongo lilifunikwa kwa plasta, likapelekwa Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, kisha maabara ya Burgos, Hispania. Humo alitambuliwa mtoto wa umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyefariki miaka 78,000 hivi iliyopita. Watafiti walimpa jina la Kiswahili: Mtoto. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature, Mei 2021.

Je, alizikwa au alifukiwa? Shimo lilichimbwa makusudi. Mwili ulilazwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kifuani. Mkao wa mbavu na bega unaashiria kwamba kiwiliwili kilikuwa kimeviringishwa, na kichwa kilielekea kuegemezwa juu ya kitu kilichooza baadaye. Basi alizikwa, na hayo ndiyo maziko makongwe zaidi ya binadamu wa aina yetu yanayojulikana barani Afrika.

Msomaji wa pwani aweza kuvutwa aone hapo sanda, mto na ubavu wa kulia wa mazishi ya Kiislamu. Hapana budi kujihadhari: mfanano si urithi, na makumi ya maelfu ya miaka hayarukwi kwa neno moja. Lugha ya waliomzika haikuacha hata silabi. Kilichosalia ni kitendo chao, nacho husomeka maadamu udongo haujavurugwa. Ndiyo maana ulinzi wa malikale, uliowekwa na sheria ya Kenya ya mwaka 2006, ni ulinzi wa matini pia.